Ngozi ya Kondoo Kwenye Usukani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, hata kuliko siku niliyofunga ndoa (na usithubutu kumwambia bibi, yuko hapo jikoni na masikio yake ni mazima), ni siku moja ya mwezi wa saba nilipoitazama mikono yangu mwenyewe nikaona ni ya mtu mwingine. Niliiamuru ifunge, haikufunga. Niliiamuru ivute breki, ikanikatalia. Na huko chini mjini Arusha baba yangu mzazi alikuwa anangoja kuchapwa.

Jana nilikuona ukipanda huku na pikipiki mpya uliyopewa na kazi yako ya mifugo. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeuchomeka kifuani, halafu unabadilisha. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ulipofika ulinisalimu vizuri, shikamoo yako niliipokea, lakini vidole ulivyonipa vilikuwa vya maiti, na bado ukajikaza kuniambia, "Baridi ya kawaida tu, babu." Baridi ya kawaida! Hakuna baridi ya kawaida kwa mtu aliye juu ya pikipiki. Kaa hapo. Chai inakuja. Ng'ombe wa serikali wanaweza kungoja sindano zao kidogo. Babu yako na mimi ni rika moja, tulitahiriwa pamoja, kwa hiyo nitakusema kama mwanangu na huna pa kwenda kunishtaki.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Zilikuwa enzi za Mjerumani, muda mfupi kabla ya vita yake na Mwingereza. Nilifanya kazi kwa Mjerumani mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na mji, watu wakimwita Bwana Mguu, kwa sababu nyumbu alimvunja mguu wa kushoto na haukuunga sawasawa. Alikuwa mkali, lakini mwongo hakuwa. Aliagiza pikipiki, ikaja ndani ya sanduku juu ya gari la maksai kutoka Moshi, vipande vipande, na mimi ndiye niliyemshikia spana siku tatu akiiunga. Ilipokwisha, mguu wake ukamwangusha. Pikipiki ile haikuwa kama yako ya kupiga teke moja. Uliisukuma mbio, ikianza kulia unairukia. Bwana alijaribu mara mbili, akaanguka mara mbili, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Wewe, ruka." Nikaruka. Tangu siku hiyo nikawa mpeleka barua wake.

Lo, mwanangu, nilivimba kichwa! Watu walikuwa hawajajua hata waiite nini mashine ile. Wengine waliiita punda wa Bwana Mguu. Nikipita, kuku wanaruka uzio, kina mama wanashika watoto, na mimi nimekaza shingo sitazami mtu. Niliacha blanketi, nikavaa koti kuukuu la Bwana, kofia yake iliyotoboka, na glavu zake za ngozi nyeusi, nyembamba, zilizobana vidole. Glavu zile nilizipenda kuliko chakula. Nilizivaa hata nikiwa natembea kwa miguu, jua linawaka.

Na niliacha mafuta. Wewe hukuwaona wazee wetu walivyojipaka mafuta ya kondoo na udongo mwekundu, baridi isiwaingie. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo. Lakini nilipokaa mjini, karibu na makarani na watu wa pwani wanaofua kanzu na kujitia uturi, nikaanza kuiona harufu ya kwetu ni aibu. Nilioga kwa sabuni ya Bwana mpaka ngozi ikapauka. Nikienda kusalimia nyumbani nilikuwa nakaa upande upepo unakotoka.

Sasa nikuambie jambo baya nililolifanya, maana bila hilo hadithi hii haina kazi. Siku moja baba alishuka mjini kwa miguu kutoka kwetu, upande wa Ngaramtoni, kuniletea kibuyu cha maziwa mgando. Alinikuta nimesimama na rafiki yangu Salimu, kijana wa Tanga, karani na mkalimani wa boma la serikali. Baba amejifunga blanketi lake, anang'aa mafuta, ananukia nyumbani. Salimu akaniuliza, "Nani huyu, ndugu?" Nami nikamjibu, "Mzee mmoja tu wa huko, huwa analeta maziwa." Baba Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hicho alikielewa. Alikiweka kibuyu chini taratibu, pembeni ili kisimwagike, akageuka akaondoka. Na mimi sikumfuata. Niko hapa mzee wa kutembelea fimbo, na bado nikikumbuka mgongo wake natamani ardhi ipasuke.

Haukupita mwezi, nikasikia baba amekamatwa. Kaburu mmoja wa Oldonyo Sambu alipoteza maksai sita, na nyayo za baba zilionekana karibu na malisho yake. Basi ikawa yeye ndiye mwizi. Alitiwa ndani boma akingoja siku ya shauri, na kila mtu alijua hukumu itakuwa nini: hamsa ishirini, kisha mnyororoni kutengeneza barabara. Hamsa ishirini ndiyo viboko ishirini na vitano, mwanangu, na viboko vyenyewe vilikuwa vya ngozi ya kiboko hasa. Hata kijana akichapwa hivyo aliamka baada ya wiki. Baba yangu alikuwa mzee mwenye kifua kibovu, akikohoa mpaka anapiga magoti. Yeye asingeamka.

Jioni ya kuamkia siku ya shauri, akanijia mtu wa ukoo wetu, amekimbia mpaka midomo imekauka. Akasema, "Maksai wa Kaburu wameonekana! Walijichanganya na kundi la jirani yake, amewarudisha zizini siku ya tatu leo, wote sita, nimewahesabu kwa macho yangu." Nikamuuliza, mbona Kaburu hajapeleka habari boma? Akacheka kwa uchungu. Mtu mzima kaapa mbele ya serikali kwamba kaibiwa, sasa aende kusema maksai wake walipotea njia? Aibu ilimfunga mdomo, na baba yangu ndiye wa kulipa kwa mgongo wake.

Nilimwendea Bwana Mguu, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika barua fupi kwa Kaburu, akanipa. Akasema, "Taa ya pikipiki imekufa, kwa hiyo utaondoka alfajiri. Shauri ni saa sita. Ukiivunja mashine yangu, nitakuweka chumba kimoja na baba yako." Nikasema ndiyo, Bwana. Sikulala hata lepe.

Alfajiri nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, mti wa hatua kumi huuoni. Nilipopita Sakina, ambako siku hizo hapakuwa na nyumba wala duka, mikono ilikuwa mizuri tu. Nilipopita Ngaramtoni vidole vikaanza kuuma. Huko Olmotonyi vikaacha kuuma, nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani vimezoea. Hapo ndipo ushike neno langu: kidole kinachouma bado ni chako. Kikinyamaza, simama. Glavu zangu za fahari zilikuwa zimelowa ukungu chapachapa, zimenata kwenye ngozi, na upepo unazipiga. Ni kama nilikuwa nimevaa maji.

Nikafika kwa Kaburu saa tatu. Nilimkuta zizini, na maksai sita wamesimama nyuma yake wanacheua. Akasoma barua ya Bwana Mguu, uso ukamwiva. Sijui iliandikwa nini mle, lakini mkewe aliichukua akaisoma pia, akamsemea mumewe maneno mafupi mawili ya kwao, na yule bwana mkubwa mwenye ndevu za kufika kifuani akaingia ndani kuandika. Nikaitia barua yake kifuani, chini ya shati, nikaisukuma pikipiki, nikairukia. Nilikuwa na saa tatu kasoro. Njia ni mteremko. Nikajiambia, tumeshinda.

Ngoja sasa. Mteremko wa kwanza tu, mbele yangu akatokea pundamilia katikati ya njia, amesimama ananishangaa. Nikavuta breki. Vidole havikusikia! Nilivitazama vimekaa juu ya breki, lakini havifungi. Nikaenda moja kwa moja kwenye vichaka, nikapinduka, pikipiki ikanilalia mguuni. Nilipojitoa, nikavua glavu kwa meno. Vidole vilikuwa vyeupe. Mimi, mtu mweusi mtoto wa Mwarusha, nina vidole vyeupe!

Karibu na pale palikuwa na boma la bibi mmoja, mjane, Koko Naishiye. Koko ndilo jina letu la bibi. Nilikuwa napita kwake kila nikipeleka barua huko juu, na kila mara naongeza moto nisije nikasimamishwa, maana uani kwake palijaa kondoo na harufu zao. Leo nikaingia mbio. Mlangoni niliona kibuyu cha mafuta kimetundikwa. Sikubisha hodi. Nilikitungua, nikajimwagia mafuta mikono yote miwili mpaka yakachuruzika, kwa sababu nilikumbuka utotoni, machungani, ndivyo tulivyojikinga na baridi. Kisha nikakimbilia pikipiki. Mkanda wa pikipiki ulikuwa umelegea kwa ile ajali, nikaukaza kwa mikono ile ile, nikasukuma, nikaruka, nikaenda.

Unacheka? Wewe mtu wa pikipiki umeshaelewa. Pikipiki zile hazikuwa na mnyororo. Nguvu ya injini ilifika gurudumu la nyuma kwa mkanda wa ngozi tu, na ngozi ile ilishika kwa sababu ilikuwa kavu. Mimi nimeipaka mafuta ya kondoo. Kwenye mteremko ilikwenda. Nilipofika kwenye korongo, upande wa kupanda, injini ikalia kwa nguvu zake zote na gurudumu likasimama tuli. Nikashuka, nikasukuma. Nikaufuta mkanda kwa kiganja, na kiganja chenyewe kina mafuta, nikazidi kuharibu. Nikapiga kelele peke yangu korongoni. Nikakaa chini, barua ya kumwokoa baba iko kifuani, jua linapanda nyuma ya ukungu, na mimi nimekwamishwa na kiganja changu. Nililia, mwanangu. Sikuficha na sifichi.

Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu: "Aliyekuja kuiba mafuta yangu ndiye huyu anayelia?"

Alikuwa Koko Naishiye, amefuata michirizi ya mafuta njiani, fimbo mkononi. Nikaanza kumweleza haraka haraka: baba, boma, viboko, saa sita. Ananitazama tu. Nikarudia. Akasema, "Kofia."

Sikumwelewa. Akasema tena, "Vua kofia. Lete kichwa."

Unaijua desturi yetu. Kijana akikutana na mkubwa wake anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja juu yake, ndipo maneno yanaanza. Mimi nilikuwa nimeacha kuinamisha kichwa tangu nilipovaa kofia ya Bwana. Dakika zinakwenda, na bibi huyu anataka salamu! Lakini nikavua. Nikainama pale kwenye matope. Akaweka kiganja chake juu ya utosi wangu, na kilikuwa cha moto, nikashangaa, mwanamke mzee amevaa ngozi tu katika ukungu ule na kiganja chake kina moto. Akasema, "Haya. Sasa wewe ni mtoto wa mtu. Sukuma hicho kitu turudi."

Hatukuwa mbali. Kufika kwake, nikakimbilia motoni, nikanyoosha mikono juu ya makaa. Akaipiga kwa fimbo. "Wee! Mkono usiosikia utaungua na hutajua! Kaa." Akachukua majani makavu ya mgomba yaliyofungia mzigo wake wa sokoni, akanifuta mafuta yote mpaka pakavu, kisha akanipakatisha mwanakondoo. Ndiyo, cheka. Mtu wa mashine, koti la Mjerumani, nimepakata mwanakondoo, mikono nimeipenyeza chini ya tumbo lake. Taratibu vidole vikaanza kuniuma, vikauma mpaka nikauma midomo. Koko akasema, "Vinauma? Vizuri. Vinarudi nyumbani."

Na huku mikono yake haikutulia. Alichota majivu baridi pembeni mwa jiko, akaenda kwenye pikipiki ambayo hajawahi kuigusa, akanitaka nimwonyeshe kilichoharibika. Nikamwonyesha mkanda kwa kidevu. Akaupaka majivu, akaufuta kwa jani, akapaka tena, kama wanavyosafisha vibuyu vya maziwa, mpaka majivu yakabaki makavu. Kisha akang'oa ngozi ya kondoo aliyokuwa akiilalia, yenye manyoya marefu, ameilainisha kwa miaka, akaikata katikati. Mimi nikasema, "Koko, utalalia nini?" Akanijibu, "Nitalalia hasira zangu. Nyamaza." Alizikunja zile nusu mbili juu ya vishikio vya usukani, manyoya ndani, mdomo ukielekea kwangu, akazitoboa kwa msumari na kuzifunga kwa kamba ya ngozi upande wa mbele, upepo usipate mlango. Mkono unaingia humo, unakuta kishikio na breki viko ndani vinakusubiri. Ilinuka kondoo kweli kweli.

Alipokuwa akikaza fundo la mwisho ndipo aliponisema. Hakupandisha sauti. "Kila ukipita hapa unaongeza mlio, unaziba pua. Leo umeyataka mafuta yetu, ukayachukua kimya kimya, ukayapaka pasipopakwa. Ungeniuliza ningekuambia. Mafuta si dawa ya mkono uliolowa. Mkono uliolowa dawa yake ni kukauka kwanza. Kwenu wanajua hayo yote, baba yako anayajua. Lakini wewe huwaulizi, unawaonea haya." Nikainamisha kichwa mara ya pili bila kuambiwa.

"Nenda," akasema. "Usikamate sana hicho kitu, kishike kilegevu. Anayekaza vidole anaifukuza damu."

Nikasukuma, nikaruka, nikatia mikono ndani ya manyoya. Mwanangu! Nilipanda korongo lile kwa mara moja, majivu yanaruka nyuma, mkanda unashika kama mpya. Upepo ukanipiga usoni, magotini, shingoni, nikauacha upige. Mikono iko nyumbani. Kila kona nikivuta breki, inafunga. Olmotonyi nikaipita naimba. Ngaramtoni watu walitoka kutazama pikipiki yenye manyoya, mtoto mmoja akapiga kelele, "Imeota sufu!" Nikamcheka naye akanicheka. Sikukaza shingo siku ile. Ukungu ukapasuka, Meru ikatokea yote mpaka kileleni, na jua lilikuwa karibu sana na utosi.

Nilifika boma watu wamejaa uwanjani. Kwenye ukumbi wa mbele ameketi bwana wa shauri, Salimu amesimama pembeni yake akitafsiri, na katikati ya askari wawili yuko baba, amevuliwa blanketi tayari. Sikuzima hata injini vizuri, niliiangusha pikipiki kwenye nyasi. Askari akanizuia. Nikapiga kelele, "Barua! Barua ya Kaburu!" Bwana wa shauri akainua mkono, nikaachiwa, nikapanda ngazi. Salimu akarudi nyuma hatua, akashika pua, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu, unanuka kondoo mzima. Umetoka wapi, na huyu mzee wa maziwa ana nini nawe?"

Nikamjibu kwa sauti ya watu wote kusikia, kwa Kiswahili na kisha kwa Kimaasai, lugha yetu ya nyumbani, ili baba naye asikie: "Siku ile nilikudanganya, Salimu. Huyu ni baba yangu. Amenizaa, amenilea, na harufu hii ni yake, nami leo nimekuja nayo." Nikatoa barua.

Salimu hakucheka. Alinitazama, akatazama baba, akaipokea barua kwa mikono miwili. Bwana wa shauri aliisoma mara moja, akaisoma tena, akamuuliza Salimu kitu, akapiga meza. Akasema Kaburu aje mwenyewe kueleza kiapo chake. Halafu akamwonyesha baba kwa kalamu, akasema kwa Kiswahili, "Mzee, kwenda nyumbani." Basi! Vigelegele vilitoka kwa kina mama mpaka askari wakasahau kuwanyamazisha. Rika letu walikuwepo, babu yako alikuwepo, muulize siku ukienda kumwona, walinibeba juu juu, wakainyanyua na pikipiki, na manyoya yake, wakaizungusha uwanja mzima wakiimba. Bwana Mguu alikuwa amesimama ng'ambo na fimbo yake. Aliona tangi limebonyea, aliona ngozi imefungwa kwenye usukani wake wa Ulaya. Akatikisa kichwa, akageuka, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Waliponishusha nikamwendea baba. Nilidhani atanisema, na nilistahili. Nikainamisha kichwa, kofia hata sijui ilidondoka wapi. Hakukigusa kichwa kwanza. Aliniuliza, "Umetoka Oldonyo Sambu, kwenye ukungu huu? Lete mikono." Akaishika, akijua ataikuta imekufa, kwa sababu yeye ni mchungaji na anaujua upepo ule. Akaikuta ina moto. Akashtuka, akanitazama machoni. Na mimi nikashtuka pia, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyokuwa baridi. Alikaa siku nane kwenye sakafu ya mawe bila moto, vidole vyake vimekauka, vinatetemeka. Nilifungua koti la Bwana, nikaichukua mikono ya baba, nikaitia kwapani mwangu, nikaibana. Tukasimama hivyo mbele ya Wajerumani, askari, makarani na Waarusha wote, na hakuna aliyetuharakisha. Alinukia mafuta. Sijawahi kunusa kitu kizuri kuliko kile.

Basi sikiliza nasaha yangu, na chai yako unywe, inapoa. Glavu za kubana ziache kwa wanaotembea. Chochote utakachovaa mkononi kiwe kipana, kiwe kikavu, na kinga yako hasa iwekwe kwenye usukani, mbele, upepo ugongane nayo kabla haujakuona. Kesho nitakupa ngozi mbili za kondoo wangu, bibi anajua kuzishona. Usishike usukani kana kwamba utakimbiwa. Vidole vikiuma, vumilia kidogo, vikinyamaza, simama, shuka, vikaushe, vipashe kwa mwili wako, na moto uwe wa mwisho. Usikae karibu na injini na mkono wenye mafuta. Ukikwama, ingia nyumba iliyo karibu, bisha hodi, vua kofia, uliza. Utaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Jibu kwa sauti, wala usikane jina la baba yako hata kama mbele yako wamesimama watu wa uturi. Aibu ile mimi niliibeba mwezi mmoja tu na ilikuwa nzito kuliko pikipiki. Wewe usiibebe hata siku moja.

Sasa inama, nikuwekee kiganja. Mungu akutangulie kwenye kona zote za Olmotonyi, akuondolee pundamilia njiani, akujalie afya na kazi yenye baraka. Akupe mikono yenye moto ujanani na uzeeni. Na siku utakapofika mahali ukamkuta mtu wako amesimama kwenye baridi, uwe na joto la kumgawia.